Chuo Kimefungwa, Kodi Je? Sheria ya Keja Wakati wa Korona

Machi 15, 2020 ilikuwa Jumapili. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shule zifungwe na vyuo vikuu viwe vimefunga kufikia Ijumaa ya wiki hiyo, Machi 20. Wengi wetu tuliondoka na begi moja. Godoro, mtungi wa gesi, sufuria, pazia na vitabu vilibaki kwenye keja kwa sababu kila mtu alisema ni mambo ya wiki mbili tatu. Mwisho wa Aprili simu zikaanza kuingia: kodi iko wapi?

Zaidi ya mwaka mmoja na nusu ukapita. Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021 na madarasa yakajaa, lakini lile swali halijaisha. Kuna makomredi wanaodaiwa kodi ya miezi ambayo hawakulala humo hata usiku mmoja, na wengine dipoziti yao bado iko kwa landilodi. Kwenye magrupu ya WhatsApp watu hujibizana kwa uhakika mkubwa. Mmoja atasema, "Korona ilikuwa amri ya serikali, hakuna kulipa." Mwingine atajibu kwamba ukichelewa hata siku moja landilodi ana haki ya kukupigia kufuli. Wote wawili wamekosea. Mimi nasomea ualimu, si wakili, lakini sheria hizi zimechapishwa wazi na hazisomwi na mawakili peke yao.

Tuanze na lile la kwanza. Hakuna amri yoyote ya serikali ya Kenya iliyosimamisha kodi ya nyumba. Kulikuwa na kafyu kuanzia Machi 27, kukawa na kufungwa kwa Nairobi na viunga vyake kuanzia Aprili 6, na mwisho wa Aprili Bunge likapitisha nafuu ya ushuru: mwenye mshahara wa hadi Sh24,000 kwa mwezi hakukatwa ushuru wa mapato, na VAT ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Yote hayo ni mazuri kwa mtu mwenye payslip. Mwanafunzi anayengoja HELB hakuguswa. Kuhusu kodi ya nyumba, viongozi waliwaomba wenye nyumba wawe na utu, na wapo waliokuwa nao. Mwenye nyumba mmoja wa Nyandarua alitangazwa sana kwenye habari kwa kuwasamehe wapangaji wake. Lakini ombi si sheria. Landilodi aliyekataa kusamehe hakuvunja chochote.

Seneti ilijaribu. Kamati yake ya Covid-19, iliyoongozwa na Seneta Johnson Sakaja, ilileta Mswada wa Kukabiliana na Majanga wa 2020. Ndani yake kulikuwa na kipengele cha wapangaji: aliyeshindwa kulipa kwa sababu ya janga angemwandikia mwenye nyumba notisi, kisha wawili hao wangekubaliana jinsi deni litakavyolipwa. Mswada huo haujawa sheria hadi leo. Kwa hiyo yule anayekutumia picha ya kurasa zake kama ushahidi anakutumia kitu ambacho hakimu hawezi kukitumia.

Hapa niseme neno kwa upande wa mwenye nyumba, maana si wote wana maghorofa kumi. Wengi wanaojenga vyumba karibu na vyuo wamejenga kwa mkopo. Machi 18, 2020 Benki Kuu ilitangaza kwamba mtu ambaye mkopo wake ulikuwa unalipwa vizuri kufikia Machi 2 angeweza kuiomba benki yake imwongezee muda, hali yake ikizingatiwa. Yaani mwenye nyumba mwenye mkopo alikuwa na mlango wa kugonga. Mpangaji wake hakuwa nao. Kama unajadiliana na landilodi kuhusu madeni ya kipindi hicho, ni halali kabisa kumuuliza kwa adabu, "Mzee, benki ilikuongezea muda?" Halazimiki kukujibu, lakini mazungumzo yatakuwa ya watu wawili walioathirika badala ya mdeni na mdai.

Je, janga linavunja mkataba?

Hili ndilo swali lenye nyama, na ndilo watu hulijibu haraka mno.

Sheria yetu ya Mikataba, sura ya 23, inasema kwamba kanuni za Kiingereza za mikataba zinatumika Kenya pale ambapo hatuna sheria yetu iliyoandikwa. Kwa hiyo inabidi turudi Uingereza, na turudi mbali. Mwaka 1647 mahakama ya huko ilisikiza kesi ya Paradine na Jane. Jane alikuwa mpangaji wa shamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka, jeshi la Prince Rupert likamfukuza shambani na kukaa humo miaka kadhaa. Paradine, mwenye shamba, akadai kodi ya kipindi hicho. Jane akasema, nitalipaje kodi ya mahali nilipotolewa na jeshi? Mahakama ikamwambia alipe. Uliahidi kulipa bila kuweka sharti, basi lipa. Ukali huo ndio msingi wa sheria ya kodi mpaka leo, japo umelainishwa kidogo.

Ulilainishwa na kesi kama ya Krell na Henry. Juni 1902 London ilikuwa inajiandaa kumtawaza Mfalme Edward VII. Henry alikodi vyumba vya Krell katika mtaa wa Pall Mall kwa siku mbili, mchana tu, ili aone msafara ukipita. Bei ilikuwa pauni 75, akalipa 25 mbele. Mfalme akaugua, msafara ukaahirishwa. Vyumba vilikuwepo na hakuna aliyemzuia Henry kuingia. Lakini kilichowafanya wakubaliane, na ambacho pande zote mbili zilikijua, kilikuwa kimeondoka. Mwaka 1903 mahakama ya rufaa iliamua Henry halipi zile pauni 50 zilizobaki. Zile 25 alizokuwa ametoa aliacha kuzidai, zikabaki kwa mwenye vyumba.

Sasa jiulize: keja yako ilikuwa shamba la Jane au dirisha la Henry?

Kama ulipanga bedsita ya kawaida Juja, Kahawa Wendani au Njoro, kodi ya mwezi kwa mwezi, jirani zako wakiwa mama mboga, fundi na polisi, mimi naona uko karibu zaidi na Jane. Ulipewa chumba cha kuishi. Chumba kilikuwepo Aprili, kilikuwepo Mei. Vitu vyako vilikuwa humo, kufuli lilikuwa lako, na mwenye nyumba hangeweza kumweka mtu mwingine. Kwamba wewe ulikuwa Kakamega kwa wazazi ni jambo lako. Hata mahakama kuu ya Uingereza ya wakati huo, House of Lords, ilipokubali zaidi ya miaka 300 baada ya Jane kwamba mkataba wa kupanga unaweza kukatizwa na tukio, ilisema hilo litatokea kwa nadra sana. Mpangaji wa kesi hiyo alikuwa na ghala ambalo barabara yake ya pekee ya magari ilifungwa na baraza la mji kwa miezi 20. Alikuwa amepanga miaka 10. Aliambiwa alipe.

Lakini kama ulikuwa kwenye hosteli ya kibinafsi iliyoandikwa getini kuwa ni ya wanafunzi, inayolipisha kwa semista, inayodai kitambulisho cha chuo kabla ya kukupa kitanda, na ambayo mkataba wake wenyewe unataja tarehe za kufungua na kufunga chuo, basi hoja ya Henry inakufaa. Pande zote mbili zilijua chumba hicho ni cha semista. Semista ilipofutwa, kilichouzwa kilifutwa nayo. Nisitie chumvi: hiyo ni hoja ya kupeleka mezani, mwenye hosteli naye atasema semista iliahirishwa tu, na vitu vyako vilibaki kitandani. Tena kesi ya Henry ilimwokoa kwa kile ambacho hakuwa amekilipa. Aliyekwisha kulipa semista nzima ana mlima mrefu zaidi kuliko aliyekuwa amelipa nusu.

Watu pia hutaja kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012, kwamba kodi husimama kukitokea janga. Someni vizuri. Kifungu hicho kinasema nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko, fujo, tetemeko au janga lingine la asili hadi isifae kukaliwa, kodi inasimama mpaka irekebishwe. Nyumba ndiyo inayoharibika hapo. Virusi havikubomoa ukuta wa mtu.

Notisi ingetosha

Kinachoniuma ni kwamba mpangaji wa mwezi kwa mwezi hakuhitaji haya yote. Hakuhitaji Krell wala Henry. Sheria hiyo hiyo ya Ardhi, kifungu cha 57, inasema kwamba mkataba usiotaja muda wala notisi huhesabiwa kulingana na kodi inavyolipwa. Unalipa kila mwezi, basi una mkataba wa mwezi, na upande wowote unaweza kuumaliza kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, inayoisha siku ya kulipa kodi. Na usiseme hukuwa na mkataba kwa sababu hukutia sahihi popote. Mkataba wa mdomo wa kupanga kwa muda mfupi ni mkataba, kifungu cha 58 kinaukubali.

Maana yake ni hii. Mtu aliyekuwa akilipa Sh5,000 kila tarehe moja, akaandika ujumbe Machi 25, 2020 kwamba anaacha nyumba, deni lake lingeishia kodi ya Aprili. Aliyenyamaza hadi alipoitwa chuoni mwaka uliofuata alirundikiwa kodi ya kila mwezi. Tofauti kati yao ni ujumbe mmoja. Kweli, kulikuwa na shida ya kutoa vitu: Nairobi, Kiambu na sehemu nyingine za viunga zilifungwa hadi Julai 7, na mtu wa Kisumu hangeweza kuja kubeba godoro Juja. Lakini hilo lilikuwa la kujadiliana: jirani ahamishe vitu, au msimamizi wa ploti aviweke stoo kwa ada kidogo. Kunyamaza kulikuwa ghali kuliko yote.

Ujumbe wa simu unatosha? Notisi ya karatasi iliyotiwa sahihi ya kupokelewa ni bora, hilo halina mjadala. Lakini Sheria ya Ushahidi inakubali rekodi za kielektroniki, kwa hiyo SMS na WhatsApp si hewa. Ambacho hakina mguu ni "nilimwambia kwa simu".

Wale mnaokaa wawili watatu, swali ni jina la nani liko kwa landilodi. Kama ni lako peke yako, rumi wako akihama usiku, deni lote ni lako kwa mwenye nyumba, na wewe ndiwe utamfuata rumi kwa fungu lake. Andikisheni majina yote.

Kufuli, mlango na mabati

Upande wa pili wa mzozo. Miezi ile habari zilijaa visa vya milango kung'olewa, mabati kuezuliwa, umeme kukatwa na kufuli la pili kupachikwa juu ya la mpangaji. Wengi wanadhani hiyo ni haki ya mwenye nyumba kwa vile ni yake. Si haki yake.

Deni la kodi ni deni. Dawa ya deni kulipa, ndiyo, lakini sheria imeweka njia ya kulidai. Mwenye nyumba anaweza kutumia Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi, sura ya 293, ambayo inamruhusu kukamata vitu vya mpangaji. Hawezi kuikamata mwenyewe wala kwa mkono wa vijana wa mtaa. Lazima atumie dalali mwenye leseni, na dalali huyo lazima aandike orodha ya vitu na kumpa mpangaji notisi ya siku za kukomboa kabla ya mnada. Landilodi aliyeingia chumbani mwako akatoa laptopu na gesi "mpaka ulipe" amefanya jambo analoweza kulijibu polisi na mahakamani, hata kama ni kweli unadaiwa. Kutoa mtu nje nako kuna hatua: notisi kwanza, na mpangaji akikataa kuondoka, ni mahakama inayoamuru atolewe.

Ulinzi mkubwa zaidi uko kwenye Sheria ya Kudhibiti Kodi, sura ya 296. Hiyo ina jopo lake la kusikiza mizozo, inamzuia mwenye nyumba kukamata mali bila idhini ya jopo, na inafanya kosa kumsumbua mpangaji makusudi ili ahame. Tatizo ni kwamba inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake halali haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Nionyesheni keja ya Sh2,500 karibu na geti la chuo! Ziko, lakini si nyingi. Kiwango hicho ni cha enzi ambayo Sh2,500 zilikuwa kodi ya heshima. Mwaka 2021 kulikuwa na Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji bungeni, uliotaka kufuta sheria hizi za zamani na kuziweka pamoja. Chama chetu cha wanafunzi kingalifanya la maana kupeleka maoni juu yake kuliko kutoa taarifa nyingine ya kulaani.

Kwa aliye juu ya Sh2,500 anayedai dipoziti yake, mlango mpya ulifunguliwa Aprili 2021: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzia Milimani, Nairobi. Inasikiza madai ya pesa yasiyozidi Sh1,000,000, zikiwemo pesa zako zilizoshikiliwa na mtu, na inapaswa kuamua ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Dipoziti ya Sh6,000 haikuwa na maana kuipeleka kortini zamani. Sasa angalau inafikirika.

Na kwa wale wanaotamani nchi za watu, angalieni vizuri kilichofanyika huko. Uingereza ilipitisha Sheria ya Korona Machi 2020 na kurefusha notisi ya kumtoa mpangaji hadi miezi mitatu, baadaye sita. Marekani, shirika la CDC lilizuia kufurushwa kwa wapangaji kuanzia Septemba 2020 hadi Mahakama ya Juu ilipolibatilisha zuio hilo Agosti 2021. Katika nchi zote mbili kodi iliendelea kuhesabika. Walichopewa wapangaji kilikuwa muda. Hata hivyo muda si kitu kidogo. Mtu aliyepewa miezi sita anaweza kutafuta kibarua, lakini aliyeng'olewa mlango usiku wa kafyu hana pa kwenda bila kukamatwa.

Lile deni la 2020

Wengine wanangoja lisahaulike. Sheria ya Muda wa Kushtaki inampa mwenye nyumba miaka sita kudai kodi tangu siku ilipopasa kulipwa. Kodi ya Aprili 2020 inaweza kudaiwa hadi Aprili 2026, na wengi wetu tutakuwa tumeajiriwa na TSC kufikia hapo, au tutakuwa bado tunasubiri.

Basi ni heri kulimaliza. Mwandikie. Taja chumba, taja miezi mnayobishania, taja siku uliyoondoka na kama ulimjulisha. Omba dipoziti ihesabiwe kwanza. Kisha toa pendekezo unaloweza kulitimiza, si la kumfurahisha: mathalani, nusu ya kodi ya miezi ile ya kufungwa, ilipwe kwa awamu mbili HELB ikiingia, na nusu isamehewe. Landilodi wengi hukubali nusu iliyo mkononi kuliko nzima iliyo hewani. Mkikubaliana, neno la lazima kwenye karatasi ni kwamba malipo hayo yanamaliza deni lote la kipindi hicho, na tarehe zake zitajwe. Bila sentensi hiyo, unachotoa kitahesabiwa kama malipo ya kwanza tu, na mwaka kesho atakudai iliyobaki.

Lipa kwa M-Pesa hata akitaka pesa taslimu, uhifadhi ujumbe. Na siku ya kurudisha ufunguo, piga picha za kuta, sinki, soketi na mita ya stima ikionyesha namba, kisha mtumie palepale ukiwa bado mlangoni.